Bibi aliponiuliza kama nimerudi



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Igoma. Jioni moja umeme ulikatika, bibi akatandika mkeka nje, akaanza kunisimulia siku walipomleta babu hospitali huku Mwanza wakitokea Sengerema. Enzi hizo hakuna daraja, ni kivuko tu pale Busisi. Mimi nilikuwa na simu mkononi, katikati ya mechi ya mtandaoni na jamaa zangu watatu. Naitikia tu: "Eeh bibi. Aisee." Baadaye akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole: "Mjukuu wangu, umerudi nyumbani au bado uko huko seminari?"

Sikuwa na jibu. Na kibaya zaidi, nilimaliza kwanza ile mechi.

Vijana wa VIWAWA huniuliza, "Frateri, kucheza gemu ni dhambi?" Gemu yenyewe siyo dhambi. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa anacheza. Mama yake amesimulia kwamba alijiwekea saa moja kwa wiki. Kwa wiki! Mimi saa moja ilikuwa inaisha kabla ya chai ya asubuhi.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Mtu anashindwa kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata akiona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo tusimwite kila mchezaji mraibu. Lakini kama hela ya ada imeishia kwenye bando na mitihani imekupita ukiwa umelala mchana, tafuta daktari au mshauri. Usitumie rozari kukwepa msaada.

Mimi sikufika huko. Nilichopoteza ni usikivu, na niligundua niliporudi seminari. Kwenye kuabudu Ekaristi nikifumba macho, naona ramani ya gemu, yaani hadi njia za kujificha.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha sita cha Maungamo, anasimulia habari za rafiki yake Alypius. Marafiki walimburuta kwenda kuangalia watu wakiuana uwanjani Roma. Akajiapiza: mwili wangu mtaupeleka, macho nitafumba. Akafumba kweli. Umati ukapiga kelele, akafumbua, na kuanzia hapo akawa yeye ndiye anayewavuta wengine. Augustino anaona kosa lilianza mapema: Alypius alijitegemea mwenyewe. Huyu baadaye alikuwa askofu, kwa hiyo usikate tamaa. Mimi nami nilijiapiza, "mechi moja tu." Ni kiapo kilekile.

Kwenye falsafa nilikutana na Simone Weil, Mfaransa aliyefariki mwaka 1943. Aliona kwamba sala imetengenezwa kwa usikivu, na kwamba hata kuhangaika na swali la hesabu usilolipata kunaunoa usikivu huo. Usikivu huohuo ndio unaomwezesha mtu kumsikiliza jirani mwenye maumivu. Niliposoma hapo nilimkumbuka bibi moja kwa moja. Sala yangu kavu na "aisee" yangu pale mkekani ni ugonjwa mmoja.

Nilimweleza mlezi wangu wa kiroho. Hakunipa novena, aliniambia nikirudi nyumbani simu ikae kwa mtu mwingine kuanzia saa kumi na mbili jioni. Siku ya pili tu nilishindwa. Ya tatu nikaanza tena.

Juzi nimemwomba bibi anisimulie upya. Ameanzia kwenye foleni ya kivuko, babu amelazwa kwenye kitenge, yeye ana ujauzito wa mama yangu. Hilo la ujauzito sikuwahi kulijua. Simu nilikuwa nimemwachia mdogo wangu. Alikuwa ndani, anacheza gemu.

Hilo nalo tutaliongea naye.