Kona ya Mwanafunzi: Kemia ya Jiko la Makaa

Jioni za Julai, baridi inapouma kule Lindi, Kibera, au Kawangware, jiko la makaa huwashwa nje ya mlango, kisha huingizwa ndani moshi ukiisha. Wengi huamini kwamba moshi ukiisha, hatari nayo imeisha. Somo la Kidato cha Nne kuhusu nishati na kasi ya mmenyuko linaonyesha kwamba sivyo.

Joto hutoka wapi?

Makaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Kaboni ikiungana na oksijeni ya hewa, joto hutolewa.

Oksijeni ikitosha: C + O₂ → CO₂. Gramu 12 za kaboni hutoa takriban kilojuli 394.

Oksijeni ikipungua: 2C + O₂ → 2CO. Gramu 12 zile zile hutoa takriban kilojuli 111 tu.

Joto limeshuka chini ya thuluthi moja, na tumepata kaboni monoksidi (CO), gesi ya sumu isiyo na rangi, harufu wala moshi.

Hata jiko lililokolea huitengeneza. CO₂ inayotokea chini hupita kati ya makaa mekundu ya juu: CO₂ + C → 2CO. Mmenyuko huu hufyonza joto, takriban kilojuli 172. Mwali wa buluu unaouona juu ya makaa ni CO inayoungua. Ile isiyoungua huenea chumbani.

Ni nini hubadilisha kasi?

1. *Ukubwa wa vipande.* Vipande vidogo hushika moto upesi kuliko bonge moja, kwa sababu sehemu kubwa zaidi hugusana na hewa.
2. *Oksijeni.* Ukipepea jiko, makaa huwaka kwa kasi. Ukifunga mlango na dirisha, oksijeni hupungua na CO huongezeka.
3. *Halijoto.* Makaa baridi hayajiwashi. Lazima yapate joto la kuanzia, ndiyo maana tunatumia karatasi au mafuta taa.

Kwa nini CO huua?

CO hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa oksijeni. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala huenda asihisi lolote.

Fanya hivi nyumbani

- Pikia nje au mahali penye hewa ya kutosha.
- Usilale na jiko chumbani, hata kama makaa yanaonekana kufifia.
- Mtu akipata dalili, mtoe nje mara moja na umpeleke hospitalini.

Zoezi

Gramu 36 za kaboni hutoa joto kiasi gani zikigeuka zote kuwa (a) CO₂, (b) CO?

*Majibu:* (a) 3 × 394 = kilojuli 1,182. (b) 3 × 111 = kilojuli 333.

Ukishamaliza hesabu hii, waeleze walio nyumbani kabla jiko halijaingizwa ndani leo usiku.