SOMO: Kusafisha na kutunza wavu wa kuchomea samaki ili usile mtaji wako

Safari hii tunaongelea wavu, na sisemei ule wa kuvulia. Nasemea wavu wa waya unaolaza migebuka juu ya moto, uwe umekaa kwenye pipa lililokatwa, kwenye jiko la matofali au kwenye trei za tanuri la kisasa. Wengi wenu mmeanza kuongeza thamani, yaani mnanunua samaki mbichi mwaloni Katonga au Kibirizi, mnabanika, mnauza Mwanga au mnapakia kwenye basi. Kwenye kununua mko vizuri, kwenye kuuza mko vizuri. Shida iko kwenye kile kitu cha katikati ambacho kila siku kinaguswa na samaki wote mnaouza, na hakuna anayekiangalia.

Mwangalie mteja mzoefu akifika mezani. Hashiki kichwa wala mkia. Anamgeuza samaki aangalie upande uliokaa chini. Akikuta ngozi imebanduka na mistari myeusi ya masizi, ama anaondoka ama anashusha bei. Ule upande wa chini ndio ripoti ya wavu wako.

Tupige hesabu kidogo, weka bei zako mwenyewe. Tuseme wavu umekugharimu sh. 40,000 na unafanya kazi siku 5 kwa wiki. Ukioza baada ya miezi 6 umeutumia kama siku 130, kwa hiyo kila siku ulikulia sh. 308 hivi. Ukidumu mwaka na nusu, siku 390, ni sh. 103 kwa siku. Utasema hiyo tofauti ni ndogo, na kweli ni ndogo. Sasa chukua samaki 100 wa siku moja, 8 kati yao wamenata na kuchanika, kila mmoja umempunguza sh. 1,000. Hapo zimeondoka sh. 8,000 kwa siku moja, na kwa wiki ni 40,000, bei ya wavu mzima. Kwa hiyo tunasafisha wavu kwa ajili ya samaki kwanza, wavu wenyewe kudumu ni faida ya pili.

Kwa nini ananata? Utomvu wa samaki na ngozi yake hushikana na chuma kikiwa bado kina ubaridi, na hushikana zaidi kikiwa na mabaki ya jana au kutu. Chuma kisafi, kilichopata moto kwanza, chenye mafuta kidogo, kinamwachia samaki mwenyewe akishaiva upande ule. Ukiona inabidi umng'oe kwa nguvu, ama hajaiva ama wavu ni mchafu.

Halafu kuna suala la afya, na hapa naomba tusiende haraka. Mgebuka ana mafuta. Mafuta yakidondokea kwenye kaa la moto yanaungua vibaya, moshi wake unapanda na kurudi kumpaka samaki. Ndani ya moshi huo kuna kemikali ambazo wataalamu huziita hidrokaboni za poliaromatiki, na baadhi yake zinasababisha saratani. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kilitoa mwongozo wa kuzipunguza mwaka 2009. Umoja wa Ulaya wenyewe hauruhusu samaki wa moshi awe na zaidi ya mikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo moja. Wewe huuzi Ulaya, sawa. Lakini wanaokula samaki wako ni shangazi zako na watoto wa shule, miili yao ni ile ile. Lile gamba jeusi linalong'aa kama lami kwenye wavu na kuta za jiko ni mkusanyiko wa uchafu huo huo. Ukiwasha moto kesho linapata joto, linatoa moshi upya, na vipande vinadondokea au kushika kwenye samaki wa leo. Wapo wanaosema "ule weusi ndio ladha". Hapana. Ladha inatoka kwenye moshi mwembamba wa kuni kavu.

Sasa kazi yenyewe. Muda mzuri wa kusafisha ni pale unapomaliza, sio asubuhi ya kesho. Ukishatoa samaki wa mwisho, acha wavu juu ya makaa yaliyobaki kwa dakika 10 hadi 15. Mabaki ya ngozi na nyama yatakauka na kuwa kama unga. Vaa glavu nzito au shika kwa koleo, kwangua pande zote mbili. Watu husahau upande wa chini, ambao ndio unaobeba lami nyingi kuliko wa juu. Usimwagie maji ya baridi wavu au jiko lenye moto: chuma kinapinda, matofali na udongo vinapasuka, na mvuke unaweza kukubabua mikono.

Kuhusu brashi ya waya: inafanya kazi vizuri, ila inazeeka na kuacha nyuzi. Uzi mmoja ukiingia kwenye samaki na mtu akaumeza, unaweza kumchoma koo au utumbo mpaka akafanyiwe upasuaji. Stili waya za kuoshea sufuria nazo zinamwaga nyuzi vile vile. Ukimaliza kukwangua, futa wavu mzima kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kisha kikague kile kitambaa. Wengine hupitisha sumaku ya spika iliyokufa. Ni wazo zuri lakini lisikupe usingizi, maana nyuzi za shaba na nyingi za stenlesi hazishikwi na sumaku. Kitambaa hakidanganyi. Brashi ikianza kunyonyoka, itupe. Binafsi napenda zaidi kipande cha bapa la chuma kilichochongwa meno na fundi wa kuchomelea kulingana na nafasi za waya zako.

Baada ya kukwangua ndipo unaosha. Maji ya moto na sabuni, sugua kwa dodoki au brashi ya plastiki ngumu. Kama hakuna sabuni, majivu yaliyochekechwa na maji ya moto yanakata mafuta vizuri sana, bibi zetu waliosha hivyo hivyo. Ila majivu yanababua ngozi, kwa hiyo vaa glavu na suuza mara mbili.

Na hapa nasema kwa sauti: usisuuzie trei zako ziwani pale mwaloni. Najua maji yapo miguuni. Lakini pale pale panaoshwa mitumbwi, panatupwa utumbo wa samaki, na mambo mengine mnayajua. Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, hapo kaskazini yetu, wakati maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wamejazana ufukweni, na watu walikufa. Ufukwe uliojaa watu bila vyoo haufai kusafishia chombo cha chakula. Tumia maji ya bomba, ama ya kisima au ya ziwa yaliyochemshwa. Maji machafu yenye mafuta mwaga kwenye shimo mbali na maji, sio ziwani.

Ukishasuuza, usianike chini. Rudisha wavu juu ya moto mdogo ukauke kabisa, kisha upake mafuta ya kula kwa kitambaa, kiasi cha kung'aa tu. Mawese tunayo tele Kigoma, na yanafaa. Yakizidi yanadondoka na kunata vumbi. Acha yapate joto mpaka yaache kutoa moshi, hapo yameshika kwenye chuma na kukizuia kisiote kutu. Oili chafu ya injini isikaribie kabisa hapo, hata kwa fremu ya nje. Nimeshaona, ndiyo maana nasema.

Adui mkubwa wa wavu wetu huku ni chumvi. Wengi mnalowesha samaki kwenye maji ya chumvi ya Uvinza kabla ya kubanika, ni jambo jema. Lakini maji yale yakidondoka kwenye waya na kulala hapo usiku, kutu inaanza. Mchuzishe samaki kwenye chanja mpaka aache kudondosha ndipo umlaze kwenye wavu. Majivu nayo yaondoe jikoni kila siku yakishapoa. Yakiachwa yanavuta unyevu wa usiku, na pipa linaozea chini ambako huoni. Halafu majivu mengi yanaziba hewa, moto unakuwa wa moshi mzito badala ya makaa, tukarudi kule kule kwenye lami.

Wenye tanuri lenye sinia la kukinga mafuta, kama yale ya muundo wa FTT-Thiaroye ambao FAO iliuendeleza na chuo kimoja cha Senegali: lile sinia ndilo moyo wa tanuri. Limwage na kuliosha kila baada ya mzunguko. Sinia lililojaa linashika moto, na likishika moto una samaki wa makaa na tanuri la kujenga upya.

Kwenye kununua waya, waya wa galvanaizi ni rahisi na unang'aa, lakini ule mng'ao ni zinki. Kwenye moto mkali unabanduka, na chumvi inaula. Ufaa kwenye chanja ya kuanikia dagaa juani, sio juu ya makaa. Ukiweza kumudu stenlesi, nunua trei chache za stenlesi kuliko nyingi za galvanaizi. Na pipa, uliza lilibeba nini. La dawa au kemikali halifai hata ukilichoma mara kumi.

Kila wiki, mchana kwenye mwanga, pitisha mkono wenye glavu juu ya wavu. Waya uliokatika na kuchomoza utanasa. Waya uliokonda mpaka nusu ya unene wake wa mwanzo, badilisha kipande hicho kabla haujakatika ukiwa na samaki juu. Gonga viungo vya fremu: kinacholia kama kimeachia kirudi kwa fundi. Kona za trei zikwangue vizuri, maana ndimo wadudu wa samaki wakavu wanapojificha na kutaga, na kutoka hapo wanahamia kwenye magunia yako.

Mwisho ni kuhifadhi. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na majiko mengi yalilala. Aliyeacha wavu na mafuta ya siku ya mwisho alikuta kutu, panya na harufu. Ukijua unasimama wiki mbili au zaidi, osha, kausha motoni, paka mafuta pande zote, funga kwenye gunia kavu na uninginize juu, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu. Usifunge kwenye nailoni, jasho litabaki ndani. Siku ya kurudi kazini, osha tena kwa maji ya moto, choma wavu mtupu dakika 15, ufute kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na wekundu wa kutu, piga msasa, osha, rudia mafuta, ndipo ukanunue samaki.