Mapambo ya Migongo

Watoto wa Karuba wanajua ng'ombe. Asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya vilima vya Masisi, husikia milio yao malishoni, na njiani hukutana na watu wenye madumu ya maziwa. Kila mtu husifu maziwa. Husifu na jibini ya Masisi, inayouzwa Goma na mbali kuliko Goma. Husifu hata ngozi na pembe. Lakini mavi ya ng'ombe, nani ayasifuye? Labda mwenye shamba la viazi tu.

Hata hivyo, mama mwenye nyumba ya udongo anayajua vizuri. Huyachanganya na udongo na maji, kisha huyapaka sakafuni kwa kiganja. Sakafu ikikauka huwa ngumu, wala vumbi haliruki mtu akifagia. Kihenge cha nafaka nacho hupakwa hivyo hivyo, matundu yazibwe, wadudu wasipate mlango. Kwa Kinyarwanda mavi hayo huitwa amase. Somo hili ni habari ya wanawake waliochukua amase wakayafanya pambo zuri, hata wageni kutoka Ulaya na Marekani hulinunua na kulitundika ukutani. Kuna watu husikia habari hii wakakunja pua. Na waikunje, wakiliona pambo lenyewe, pua itakunjuka.

Pambo hilo huitwa imigongo. Anayejua Kiswahili hahitaji kufasiriwa: umugongo kwa Kinyarwanda ni mgongo, na imigongo ni migongo. Limeitwa hivyo kwa sababu halichorwi bapa kama picha ya kitabuni. Mistari yake imeinuka kama mgongo wa ng'ombe, au kama matuta shambani. Mtu akifumba macho na kupitisha vidole juu yake, vidole hupanda na kushuka, na kwa vidole tu anaweza kujua pambo limeanzia wapi na linakwenda wapi.

Asili yake ni Gisaka, nchi ya mashariki kabisa ya Rwanda, karibu na mto Akagera na mpaka wa Tanzania. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo iko katika wilaya ya Kirehe. Zamani Gisaka ilikuwa ufalme wa peke yake, mpaka wafalme wa Rwanda walipoitwaa katika karne ya 19. Wazee husimulia kwamba Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, ndiye aliyeanza kuipamba nyumba yake kwa namna hiyo, na watu walipoiona wakaiga. Jina la Kakira halijasahauliwa mpaka leo. Lakini walioishika kazi hiyo miaka mingi ni wanawake. Mama aliifanya katika kuta za ndani ya nyumba yake, binti akatazama, akasaidia kuchanganya, akajaribu kipande kidogo penye giza ambapo makosa hayaonekani, na mwishowe naye akapamba nyumba yake mwenyewe.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kwanza huchukuliwa mavi mabichi, nayo huchanganywa na majivu. Majivu huondoa harufu na kufukuza wadudu. Fundi huukanda mchanganyiko huo mpaka uwe laini kama ugali mzuri, usio na madonge. Kisha huchora mistari kwa makaa: mistari ya kupinda-pinda kama njia ya mlimani, miraba iliyosimama juu ya pembe zake, au duara inayojizungusha ndani kwa ndani kama gamba la konokono. Katika imigongo ya zamani hakuna sura ya mtu, wala ya mnyama, wala ya nyumba. Kuna mistari tu, lakini imepangwa kwa hesabu. Mraba mmoja ukiwa mpana kuliko wenzake, mstari mzima utapotoka, na jicho litaona kosa hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Michoro ikiwa tayari, fundi huchota mchanganyiko kwa vidole na kuubandika juu ya mistari, kidogo kidogo, akiubana kwa pande mbili ili usimame kama tuta jembamba. Kazi hii haitaki haraka. Migongo huachwa ikauke kwa siku kadhaa, halafu husuguliwa mpaka iwe laini, na mwisho hutiwa rangi.

Rangi za zamani hazikutoka dukani. Nyeupe ilitoka katika udongo mweupe, na nyekundu katika udongo mwekundu. Nyeusi ndiyo iliyokuwa na kazi: walichukua utomvu wa mshubiri, majivu ya maganda ya ndizi, na matunda machungu ya mtunguja wenye miiba, wakayachanganya mpaka wakapata weusi mzito unaong'aa. Mwanamke aliyejua kipimo chake alikuwa ameshika elimu kubwa, ingawa haikuandikwa katika daftari lolote. Siku hizi mafundi wengine hununua rangi za kopo, kwa kuwa hukauka upesi.

Sasa tazameni mbali kidogo. Nchini China nako wanawake wa vijijini walipamba nyumba, lakini si kwa mavi ya ng'ombe. Wao hukata karatasi. Katika nchi ya kaskazini, penye baridi kali, madirisha ya nyumba za zamani hayakuwa na kioo. Yalikuwa ya mbao yenye karatasi nyeupe iliyobandikwa. Mwaka Mpya ulipokaribia, karatasi ya mwaka uliopita, iliyochakaa na kuingia moshi, iliondolewa, ikabandikwa mpya. Juu yake mwanamke alibandika mapambo ya karatasi nyekundu aliyoyakata kwa mkasi: maua, ndege, watoto wanono, na samaki. Samaki ana sababu yake. Katika lugha ya Kichina neno la samaki husikika sawa na neno la kubakiwa na akiba, basi samaki dirishani ni dua kwamba chakula kisipungue nyumbani humo. Siku ya arusi hukatwa neno la furaha lililoandikwa mara mbili pamoja, kwa sababu wenye kufurahi ni wawili.

Lakini karatasi ya dirishani huchanika, jua huififisha, na mwaka ukiisha hutupwa. Je, pambo la bibi lilimfikiaje mjukuu? Wanawake hao walikuwa na ujanja wao. Walilichukua pambo zuri, wakalilowesha na kulilaza juu ya karatasi nyeupe, kisha wakaishika karatasi hiyo juu ya moshi wa taa. Moshi uliipaka karatasi masizi meusi kila mahali isipokuwa chini ya pambo. Pambo likibanduliwa, umbo lake lilibaki jeupe katikati ya weusi. Karatasi hiyo ya masizi ilitunzwa, ikaazimwa kwa jirani, ikasafiri na bibi arusi mpaka kijiji cha mumewe. Mwaka 2009 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, liliuandika ukataji wa karatasi wa China katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Wanawake wa Gisaka hawakuwa na karatasi ya masizi. Pambo lao lilikaa mahali pawili tu: ukutani na katika mikono yao. Nyumba ya udongo ikianguka, pambo huanguka nayo. Hilo si neno, maadamu mikono ipo. Nyumba mpya hujengwa, na ukuta mpya hupambwa. Lakini watu walipoanza kujenga nyumba za saruji, kuta za kupamba zilipungua, na wasichana waliotaka kujifunza nao wakapungua.

Kisha ukaja mwaka 1994. Kuanzia mwezi wa Aprili, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalienea Rwanda nzima kwa muda wa siku mia hivi. Gisaka haikusalimika. Huko Nyarubuye, katika wilaya ya Kirehe, maelfu ya watu waliokimbilia kanisani waliuawa. Miongoni mwa waliokufa katika nchi ile walikuwamo na wenye kujua: wenye kujua kipimo cha rangi nyeusi, wenye kujua jinsi duara inavyoanzia katikati isipotoke. Kitabu kikiungua, huenda kingine kama hicho kikapatikana mahali pengine. Mikono ya mtu haina nakala.

Wanawake waliobaki, baadhi yao wajane, walikuwa na kazi ngumu ya kuanza maisha tena. Wengine walikusanyika wakaunda chama cha ushirika huko Kirehe, wakakiita kwa jina la yule mwana wa mfalme: Kakira. Waliojua kitu walifundisha wasiojua. Na jambo moja liliisaidia kazi yao: ilitoka ukutani, ikafanywa juu ya ubao. Ukuta hauuziki wala haubebeki. Ubao huuzwa na kubebwa. Msafiri apitaye Nyakarambi, katika barabara iendayo Rusumo, huweza kuununua, akauingiza katika sanduku lake na kwenda nao ng'ambo ya bahari. Fedha huingia katika chama, na mwenye kuketi chini siku nzima akibana migongo kwa vidole hupata chumvi, sabuni na karo ya mtoto. Wanaume nao wameanza kujifunza, jambo ambalo bibi za zamani wangelicheka.

Mapambo hayo sasa yamezagaa. Mistari yake huonekana Kigali katika kuta za mahoteli, katika vitambaa, hata katika vikombe vya chai. Mingi huchapwa kwa mashine, upesi na kwa bei ndogo, nayo hupendeza kwa mbali. Lakini mtu akikaribia na kupitisha mkono juu yake, mkono huteleza tu. Migongo haipo.

MASWALI

1. Kwa nini pambo hili linaitwa imigongo?
2. Majivu huchanganywa na mavi ya ng'ombe kwa faida gani?
3. Wanawake wa China walitumiaje moshi wa taa?
4. Ni jambo gani lililobadilika katika kazi ya wanawake wa Kirehe, nalo liliwasaidiaje?
5. Muulize bibi au mama nyumbani: ni kazi gani ya mikono aliyofundishwa na mama yake? Iandike katika daftari kama anavyokueleza, hatua kwa hatua.