Jua Lainua, Dunia Yavuta: Maji ya Shamba Lako Huenda Wapi?

Mkulima wa Ugogo hana haja ya kuambiwa kwamba mvua ni chache. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Linalofaa kuulizwa ni hili: maji hayo yakiisha kuanguka shambani, huenda wapi? Maana mara nyingi mtama hunyauka hata katika mwaka ambao mvua yenyewe haikuwa mbaya.

Nguvu mbili huyagombania. Moja ni joto la jua, ambalo huyageuza kuwa mvuke na kuyapandisha hewani. Nyingine ni uvutano wa Dunia, yaani ile nguvu inayovuta kila kitu kwenda chini, iwe jiwe, tone la mvua au udongo wa kilimani. Nguvu hizi si adui. Jua ndilo linaloinua mvuke kutoka Bahari ya Hindi, na uvutano ndio unaoturudishia maji hayo yakiwa mvua. Jani hutumia nuru ya jua kujitengenezea chakula. Nao mzizi huijua njia ya chini kwa chembe ndogo za wanga zilizomo katika ncha yake, ambazo huzama kwa kuvutwa na Dunia. Ndiyo sababu hatupotezi wakati kugeuza mbegu za mtama kabla ya kuzifukia.

Tuanze na jua. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: mwanzo wa Machi na tena karibu na tarehe 8 Oktoba. Siku hizo, jua likiwa juu kabisa, kivuli chako hujificha miguuni. Mwezi wa Machi shamba lina mimea ya kulifunika. Mwezi wa Oktoba liko uchi. Jua na upepo wa nchi hii vyaweza kukausha maji zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nayo ni zaidi ya mara tatu ya mvua tunayopata. Huko Kongwa, Waingereza walianza mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta mengi. Kiangazi kilipofika, udongo wenye mfinyanzi uliokwa na jua ukawa kama tofali, na karanga zikawa shida kung'olewa. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Jua halikuwa kosa lake pekee, lakini wenyeji wangeweza kuwaeleza habari za udongo huo kabla ya trekta la kwanza kushushwa.

Sasa uvutano, ambao hapa kwetu nao ni mwizi mkubwa. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa mwendo wa mita 9 hivi kwa sekunde. Likikuta jani au nyasi, hupoteza nguvu. Likikuta udongo mtupu, huupiga, na chembe zinazorushwa huziba vitundu vya ardhi mpaka juu pakafanya gamba. Maji yakikosa mlango wa kuingilia huteremka. Yakizidisha mwendo mara mbili, nguvu yake huwa mara nne, nayo huanza kuchukua udongo wa juu, ule wenye samadi yako.

Jambo hili lilipimwa Mpwapwa katika miaka ya 1930, katika vipande vya ardhi yenye mteremko mdogo tu. Penye nyasi, maji yaliyotiririka hayakufika sehemu 2 katika 100 za mvua. Penye mazao ya nafaka ilipotea karibu robo. Penye udongo mtupu ilipotea nusu nzima. Fanya hesabu: mvua moja ya milimita 20 huweka juu ya ekari moja lita 80,000, yaani madebe 4,000. Nusu yake ni madebe 2,000. Nani atayateka tena mtoni na kuyarudisha kwa kichwa?

Watu wa Kondoa waliyaona matokeo kwa macho, kwa makorongo yaliyomeza mashamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Nyasi na vichaka vikarudi. Ilikuwa amri nzito kwa wafugaji, na ni nafuu kuzuia maji kabla korongo halijaanza.

Uvutano wenyewe utakusaidia kupata usawa wa ardhi. Funga vichwa vya miti miwili yenye urefu sawa, mita 2 hivi, miguu ikitanuka, kisha funga mti mwingine katikati ulale. Ning'iniza kileleni kamba yenye jiwe, kama timazi ya mwashi, ipite mbele ya mti uliolala. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, utie alama kamba inapopita. Badilisha miguu juu ya vigingi vilevile, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Kisha ukate shamba kwa ubavu: mguu mmoja ukae, mwingine usogezwe mpaka kamba itulie hapo katikati, upige kigingi, uendelee. Matuta yafuate vigingi.

Wakati wa palizi ya kwanza, ziba mifereji kati ya matuta kwa vifungo vya udongo kila baada ya hatua chache, ili maji yasimame na kuzama. Vifungo sharti viwe vifupi kuliko matuta. Mvua ikizidi, vivunjike vyenyewe kabla ya tuta. Baada ya mavuno acha mabua shambani yaukinge udongo na jua. Twajua ng'ombe nao wanayadai. Basi walishe sehemu, na zinazobaki zilazwe kukingama na mteremko.

Katika mbuga za udongo mweusi usifunge matuta namna hii, kwani huko maji hukawia kuzama na mizizi huoza.