Mtaje Ng'ombe Wako

Mdogo wangu unayechunga huko milimani Lubero, barua yako imenifikia hapa Butembo. Unaniuliza mimi, Yaya wako, utaanzaje kutunga mashairi ya wachungaji, na daftari lako limejaa kofia pana, bastola na farasi wa filamu za Marekani. Nimelisoma lote kwa upendo. Ondoa farasi, weka ng'ombe wako.

Wachungaji wa Marekani wenyewe walitunga kazini. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, waliswaga makundi makubwa kutoka Texas hadi kwenye reli huko Kansas, na usiku wa zamu waliwaimbia ng'ombe polepole wasije wakashtuka na kutimua mbio. Tangu 1985 wenye mashairi hayo hukutana Elko, Nevada, kuyaghani mbele ya wenzao.

Ila walimu wako wa karibu wako ng'ambo ya mpaka. Bahima wa Ankole, Uganda, wana ebirahiro, tungo za kusifu ng'ombe. Wanyarwanda wana amazina y'inka. Hawa hawasemi "ng'ombe mzuri" wakanyamaza. Wanamtaja kwa rangi yake, kwa mkunjo wa pembe, kwa mwendo wake, hata anayejua mifugo anamwona amesimama mbele yake.

Nawe kesho chagua ng'ombe mmoja. Mtazame anavyopanda kilima udongo ukiwa umeloa: anakanyaga kwa upande, anasimama, anapumua mvuke, masikio yamegeukia nyuma aliko ndama. Mistari yako ni hiyo. Usiongeze kwamba ana huruma ya mama, masikio yameshasema.

Kisha ghani kwanza, kalamu baadaye, na ughani kwa Kinande ikiwa ndicho kinachokujia. Mstari uishe pumzi inapoishia ukiwa unapanda. Neno linalokukwama mdomoni kila mara, litoe. Halafu waghanie wachungaji wenzako kabla hujaniletea mimi. Wakibisha kwamba pembe iliyopinda ni ya kushoto, furahi, maana wamemtambua.

Na lile uliloandika mwishoni, la ng'ombe walioporwa usiku kijiji kilipokimbia, limeniuma sana. Usilifunike kwa maneno makubwa ya vita na amani, kila mtu anayo. Wataje wale ng'ombe mmoja mmoja, kwa rangi zao, nani alitangulia njiani na nani alizoea kubaki nyuma. Nitumie hilo kwanza, hata kama bado hujalimaliza.