SOMO LA URAIA: "KILA RAIA" AU "RAIA PEKE YAKE"?

Kila ajuaye kusoma ameona ya kuwa neno moja dogo laweza kugeuza maana ya barua nzima. Katibu wa chama akiandika, "Kila mwanachama ana haki ya kuingia mkutanoni," hakusema ya kuwa asiye mwanachama atazuiwa mlangoni. Lakini akiandika, "Mwanachama peke yake ana haki ya kuingia," mlango umekwisha fungwa kwa wengine wote. Katika somo hili twataka kuwaeleza wasomaji jinsi tofauti hiyo ilivyoingia katika katiba za majimbo ya Marekani, na jinsi ilivyowagusa wageni waliotaka kupiga kura katika uchaguzi wa serikali za mitaa.

Kwanza yafaa tujue mpango wa nchi hiyo. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina katiba yake yenyewe. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1996 yakataza mtu asiye raia kupiga kura ya kumchagua Rais au wajumbe wa Bunge la nchi nzima. Lakini sheria hiyo haikufunga mlango wa uchaguzi wa madiwani, wala wa halmashauri za shule. Jambo hilo liliachiwa majimbo. Hapo zamani, katika karne ya 19, majimbo mengi yaliwaruhusu wageni kupiga kura, hasa wale waliokwisha tangaza nia yao ya kuwa raia. Ruhusa hizo ziliondolewa moja moja, na jimbo la mwisho, Arkansas, liliacha desturi hiyo mwaka 1926.

Katika miaka yetu jambo hili limezuka upya. Mwaka 2019, wapiga kura wa kijiji cha Yellow Springs katika jimbo la Ohio, chenye watu wapata 3,700, walikubali kuibadili hati ya utawala wa kijiji chao, ili wakaazi wasio raia waweze kuwachagua viongozi wa kijiji. Katiba ya Ohio wakati huo ilisema ya kuwa "kila raia" mwenye umri wa miaka 18 na aliyetimiza masharti mengine ana haki ya kupiga kura. Haikusema wazi ya kuwa mwingine hana. Hata hivyo Katibu wa Serikali ya Ohio, ambaye ndiye mkuu wa uchaguzi jimboni, aliamuru wageni hao wasiandikishwe.

Kisha Bunge la Ohio likapendekeza katiba yenyewe ibadilishwe. Mwezi wa Novemba 2022 watu wa jimbo zima walipiga kura, na wapata 77 katika kila 100 wakakubali. Neno "kila" likaondolewa, na maana ikawa "raia peke yake". Zaidi ya hayo, serikali zote za mitaa zilikatazwa kumruhusu asiye na sifa hizo kupiga kura. Uamuzi wa Yellow Springs ukafa hapo.

Je, kwa nini kubadili neno, ikiwa kila mtu alidhani maana yake yajulikana? Sababu ni kwamba neno hilo laweza kusomwa kwa njia mbili, hata mahakama baadaye hazikukubaliana. Huko California, mji wa San Francisco uliwaruhusu wazazi wasio raia kuwachagua wajumbe wa halmashauri ya shule, kwa kura iliyopigwa mwaka 2016. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ya jimbo hilo ilisema ya kuwa katiba yamhakikishia raia kura yake, lakini haimzuii mji kumwongeza mwingine. Lakini katika New York, baraza la mji lilipitisha mwezi wa Desemba 2021 sheria ambayo ingewapa kura za mji wageni wapata 800,000 wenye ruhusa ya kuishi au kufanya kazi nchini. Mwezi wa Machi 2025 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliibatilisha, ikisema ya kuwa "kila raia" katika katiba yao maana yake ni raia tu. Basi waliotaka kuondoa shaka waliona hapana njia ila kuandika neno lisilo na maana mbili. Mwezi wa Novemba 2024 majimbo manane yaliulizwa swali la namna hii siku moja, na yote manane yakakubali.

Pande zote mbili zina hoja za kusikilizwa. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanaowatetea wageni husema: jembe amekwisha kupewa, naye hulima, hulipa kodi, na watoto wake husoma katika shule ile ile, mbona asiwe na neno juu ya maji na barabara za mtaa wake? Wengine hujibu: kura ni alama ya mtu aliyefungamana na nchi kwa kiapo, mgeni anayeitaka na aombe uraia, kisha aipate pamoja na wajibu wake wote.

Lakini liko jambo moja ambalo wasomaji wa kila upande hawana budi kulishika. Hati ya kijiji huweza kubadilishwa na wanakijiji wenyewe. Kifungu kilichokwisha andikwa katika katiba ya jimbo hakiguswi ila kwa kura ya jimbo zima. Kwa hiyo watu wa Ohio hawakuamua tu ni nani apige kura. Waliamua pia ni nani atakayeulizwa siku za mbele, nao wanakijiji peke yao hawataulizwa tena.

Maswali ya kuzungumza barazani:
1. Eleza tofauti ya "kila raia" na "raia peke yake".
2. Kwa nini mahakama za California na New York zilitoa hukumu mbili mbalimbali?
3. Je, jambo la namna hii lafaa kuamuliwa na kijiji au na jimbo zima? Toa sababu zako.