Hoteli Ikivunja Ahadi, "Hazirudishwi" Haina Nguvu

Mama mmoja wa Voi ametuandikia. Bintiye amepata nafasi katika chuo kikuu Nairobi, na kwa kuwa hawana jamaa wa kuwalaza huko, aliwekesha chumba cha vitanda viwili katika hoteli moja ya Ngara: shilingi 3,500 kwa usiku, siku mbili. Alitumiwa picha kwa WhatsApp, akapewa nambari, akalipa zote 7,000. Walipofika jioni na godoro, ndoo na mabegi, mhudumu wa mapokezi akawaambia kile chumba kimeshachukuliwa, kimebaki cha 5,500. Mama akadai pesa zake. Akaonyeshwa kwa kidole karatasi iliyobandikwa kwenye kioo: PESA ZIKILIPWA HAZIRUDISHWI. Walilala hoteli jirani siku zote mbili, 4,800 kwa usiku. Anauliza kama karatasi ile ni sheria.

Si sheria, mama. Ni sharti la mkataba, tena sharti linalomfunga mteja akivunja ahadi yeye. Ungeghairi safari dakika ya mwisho, wakabaki na chumba kitupu, hapo wangekuwa na la kusema. Lakini wewe ulifika, siku uliyosema, na ulikuwa umelipa. Aliyevunja mkataba ni hoteli. Hakuna sheria Kenya inayomruhusu mtu apokee malipo, akunyime alichokuuzia, kisha abaki na pesa kwa sababu ya karatasi aliyoiandika mwenyewe. Isitoshe, karatasi hiyo uliiona baada ya kulipa. Sharti ambalo hukuonyeshwa wakati wa kukubaliana haliwezi kuchomekwa baadaye kwenye meza ya mapokezi.

Mchezo huu tunaujua. Wiki ya wanafunzi wapya kuripoti, wenye vyumba wanajua mzazi amechoka, mtoto ana wasiwasi, mizigo iko kwenye ngazi na giza linaingia. Chumba cha bei nafuu hutangazwa kwa wazazi kadhaa, kisha "kinachukuliwa" mara tu wanapofika. Wengi huongeza hizo 2,000 wakanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakolisha biashara hii.

Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya kupata huduma zenye ubora unaostahili, na habari za kukuwezesha kunufaika nazo. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inahesabu kudanganya kuhusu bei au upatikanaji wa huduma kuwa mwenendo usio wa haki, na mteja aliyeingizwa mkatabani kwa njia hiyo anaweza kuuvunja na kudai fidia, mradi atoe taarifa ndani ya mwaka mmoja. Sheria ya Ushindani ya 2010, katika kifungu cha 56, inasema mteja ana haki ya kujulishwa ada zote, ziitwe jina lolote, kabla hajatozwa. Kwa hiyo ile "ada ya mtu wa pili" au "ada ya kufika usiku" inayozuka ukiwa umeshashika ufunguo, ikatae.

Hoteli sasa inadai kwamba nambari uliyolipia ni ya mfanyakazi aliyeacha kazi. Hilo nalo tumelisikia mara nyingi. Kama nambari ulipewa na simu ya hoteli yenyewe, au iko kwenye bango lao, malipo yako yamefika hotelini kisheria. Ugomvi wao na mfanyakazi wao haukuhusu. Ingekuwa umeipata kwa mtu baki mtandaoni anayejiita wakala, mambo yangebadilika: huo ni wizi wa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha hadi miaka mitatu. Hapo unapeleka ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 papo hapo kabla pesa hazijatolewa, kisha unakwenda kituo cha polisi. Kuandikisha taarifa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, ni bure. Afisa anayekuomba pesa ya mafuta ndipo aandike, au anayekufukuza kwamba 7,000 ni pesa kidogo, muombe jina na nambari yake ya kazi. Mara nyingi kalamu huonekana ghafla.

Kwa anayetafuta chumba sasa: lipa kwa nambari ya biashara, na kabla ya kuingiza nambari yako ya siri soma jina linalotokea. Likitokea jina la mtu, simama. Bora zaidi, tafuta hoteli inayokubali ulipe ukifika, hata kama iko mbali kidogo na chuo. Mwambie mhudumu aandike kwenye ujumbe tarehe, idadi ya watu na jumla ya pesa.

Niseme pia la sheria yenyewe. Bunge lilitupa haki nzuri mwaka 2012, kisha likaunda kamati ya kutoa ushauri. Ushauri! Mzazi aliyesimama barabarani saa mbili usiku na godoro anahitaji ofisa wa kaunti mwenye uwezo wa kutoza faini palepale. Badala yake mzigo wote wa kudai umeachiwa mteja, na hoteli inajua nauli ya Voi hadi Nairobi ikienda mara mbili inakula dai.

Kuna Mahakama ya Madai Madogo, nayo ni afadhali kubwa. Inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Kesi hufunguliwa kwa mtandao na sheria inaruhusu isikilizwe kwa simu au video. Liombe hilo mapema, maana si kila karani atakuambia.

Kwanza, mama, waandikie hoteli, WhatsApp inatosha, uwape siku 14. Dai 7,000 zako, pamoja na 2,600 ulizozidishiwa hoteli jirani kwa siku mbili, na uambatanishe risiti. Mtume bintiyo, maadamu yuko Nairobi, akapige picha leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani: jina lililoandikwa pale ndilo utakaloshtaki, si lile la kwenye bango. Na ukifungua kesi, omba pia urudishiwe ada ya kuifungua.